Nyumba Iliyobebwa Mabegani

Nakumbuka Ijumaa ile nilipoiona nyumba ya shangazi yako ikiinuka kutoka ardhini na kuanza kutembea, Zuhra mwanangu, na mimi nimesimama kando na mwiko mkononi, kwa sababu nilikuwa napika chakula cha watu waliokuwa wakiibeba. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu umelala. Wanaume wa kijiji kizima walipiga ukelele mmoja, kuku wakatawanyika, mbwa wakabweka, nawe hukuamka.

Juzi ulinionyesha tiketi yako. Ulisema, kwa Kiingereza kama kawaida yenu, kwamba shangazi hutamwambia siku ya kufika. Utashuka garini, utapanda ngazi mbio, utamkumbatia kabla hajajua ni nani. Nikanyamaza, nawe ukadhani nimefurahi. Sasa nimekaa nimeona bora niandike, na pale Kiswahili kitakapokushinda mjomba wako Hamad atakusomea. Ngazi ile usiipande mbio. Nitakueleza kwa nini, ila sitaharakisha, maana jambo lenyewe lilifanywa kwa haraka na ndiyo sababu liliharibika.

Kwanza ujue nilikotoka. Mimi ni mtoto wa kwanza, wa Pemba, tena Pemba ya shamba. Mama alitangulia, baba akafuata baada ya kuanguka kutoka juu ya mkarafuu. Skuli niliiacha darasa la tano nikabaki na wadogo zangu, Hamad akiwa bado anatambaa. Kwetu mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi chini yake ikawa ya mtu mwingine, na kibanda kilicho kivulini mwake kikawa cha mtu wa tatu. Baba aliacha miti; ardhi haikuwa yake. Arubaini ilipopita wenye ardhi walikuja wakatuambia, kwa upole mkubwa, kwamba miti ni yetu na hakuna anayeikataa, isipokuwa njia ya kuifikia inapita kwao. Nilikuwa msichana mdogo bado, lakini siku ile nilielewa kwamba kuwa na kitu ni jambo moja, na kuwa na mahali pa kukisimamisha ni jambo jingine. Sikufundishwa hilo na mwalimu yeyote, na sijalisahau.

Baba yako Rusdi nilikutana naye Unguja mjini. Alikuwa mpishi wa meli, Mbugis kutoka kijiji cha wakulima wa mpunga huko kisiwani Sulawesi, mashariki ya mbali, na Kiswahili chake alikiokota bandarini, kwa hiyo matusi alikuwa nayo mengi na heshima kidogo. Heshima nikamfundisha mimi. Alikuwa mcheshi, mkono wazi, na kila alipokula chakula kitamu alimtaja dada yake. Mama yao alifariki siku alipomzaa yeye, baba yao naye hakudumu. Dada huyo, Sitti, aliacha skuli akamlea. Kwao mkubwa huitwa Daeng, kwa heshima, basi nyumbani kwetu alikuwa Daeng Sitti hata kabla sijamwona. Nilimpenda kwa mbali. Nilisema moyoni, huyu ni mimi, ila amezaliwa upande mwingine wa bahari.

Miaka ile ya elfu mbili mwanzoni tulikuwa tumehamia Birmingham, tunakaa Bordesley Green, nyumba hiihii, tukiwa wapangaji. Baba yako alifanya kazi kiwanda cha mikate, mimi nikisafisha maofisi. Jumamosi moja nilikuwa jikoni nakaanga sambusa za harusi ya watu pamoja na jirani yetu Fadumo, yule Msomali aliyekulia Nairobi. Hamad alikuwa ametoka kuosha vyombo kwenye mkahawa wa Moseley, amekaa karibu na hita anakula zilizovunjika. Rusdi akaingia na koti lake akasema mwenye nyumba ameamua kuuza, na ametupa nafasi sisi kwanza kabla hajaweka kibao.

"Alhamdulillahi," Hamad akasema. "Na hela?"

"Nitauza kiwanja cha nyumbani."

"Kiwanja kipi?" nikamuuliza.

"Kile cha barabarani. Chenye nyumba ya Daeng Sitti."

Fadumo akaacha kukunja sambusa. "Sasa huyo dadako atalala wapi? Juu ya mti?"

"Nyumba ni yake, siigusi," Rusdi akasema. "Baba alipokufa nyumba alipewa yeye kwa kuwa ni mwanamke, ardhi ya chini nikapewa mimi. Ndiyo ada yetu. Mimi nauza ardhi. Nyumba inahamishwa."

"Inahamishwaje, shemeji?" Hamad akauliza.

"Inabebwa. Watu wanaingia chini yake, wanaiweka mabegani, wanakwenda nayo."

Fadumo alicheka hadi akashika ukuta kwa mkono wenye unga. "Wallahi huyu baridi imemwingia kichwani! Mnabeba nyumba! Halafu mnaipaki wapi? Mnalipia paking?"

"Nyumba za kwetu zina miguu," Rusdi akajibu, amejaa fahari. Akatueleza jinsi zinavyojengwa kwa mbao juu ya nguzo, nguzo zikikalia mawe tu bila kuchimbiwa, watu wanaishi juu na kuku wanalala chini.

"Basi mwambie mwenye nyumba wangu wa Kingstanding aje aibebe na yake," Hamad akasema. "Aende nayo na unyevu wake, na panya wake, aniachie ufunguo tu."

Tukacheka sote. Hata mimi nilicheka, nyumba inayotembea si jambo la kusikia kila siku. Kicheko kilipopoa nikamuuliza, "Daeng Sitti umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Hanyang'anywi hata ubao mmoja."

"Nyumba itawekwa wapi?"

"Mjomba wetu ana kiwanja kule chini, karibu na mfereji."

"Hicho ni cha mjomba."

"Mama Zuhra, wewe kila kitu unakigeuza Pemba," akaniambia. "Kwetu nyumba kuhama ni sherehe. Watu wanapika, wanaimba. Hujaona, usiseme."

Kweli nilikuwa sijaona. Lakini nilisema, na nilirudia kesho yake na kesho kutwa, mpaka akaniambia kwamba mtu wa darasa la tano asimfundishe yeye sheria za kwao. Neno hilo alikuja kuniomba radhi baadaye. Radhi nilimpa, ila neno lilibaki mahali pake.

Alinunua kadi ya simu, zile za kukwangua, akampigia dada yake mbele yangu ili nisiseme tena. Lugha yao ya kijijini siijui, nilichosikia ni sauti tu. Yeye aliongea sana. Yule wa upande wa pili aliongea maneno machache, polepole, kisha simu ikakatika.

"Haya," akasema, "amekubali."

"Amesemaje?"

"Amesema ardhi ni yangu."

"Basi? Hakusema jingine?"

"Ungetaka aseme nini zaidi ya hapo?"

"Amemuulizia mtoto?"

Akafikiri kidogo. "Kadi iliisha."

Mwanangu, sauti ile niliitambua bila kuelewa hata neno. Ni sauti niliyokuwa nikiwajibu nayo wadogo zangu waliponijia na jambo wameshaliamua. Haya, ni lenu. Mtu aliyelelewa husikia ruhusa ndani yake, kwa sababu tangu utotoni kila alichotaka kwa mkubwa wake alipewa. Nikamwambia Rusdi, huyo hajakubali, huyo amekuachia. Akasema yote mawili ni sawa.

Tulisafiri wakati mavuno yamekwisha. Utakiona kijiji kile, na ninavyosikia hakijabadilika sana: mashamba ya mpunga yameshuka ngazi kwa ngazi hadi mferejini, barabara moja, msikiti wa bati, na miaka ile kila uwanja mbele ya nyumba ulikuwa umetandazwa kakao inakauka, harufu yake kama siki. Kakao ndiyo iliyokitia bei kiwanja cha baba yako. Tajiri mmoja kutoka mjini alitaka mahali pa barabarani ajenge ghala na kusakafia uwanja wa kuanikia.

Nyumba ya Daeng Sitti ilikuwa ya mbao nyeusi kwa uzee, na ngazi iliyochakaa katikati kwa nyayo. Baba yako hata viatu alivua akiwa mbioni. Alipanda bila hodi wala salamu, akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akachota samaki kwa vidole. Dada yake akampiga mkono kwa kijiko. Maneno yao ya kijijini, hapa na kwingine, Rusdi alinifasiria baadaye.

"Mwizi! Umezeeka na bado mwizi!"

"Nimetoka mbali, nina njaa."

"Kwani Uingereza hawapiki?"

"Wanapika. Hawatii chumvi."

Dada akamkumbatia kichwa, akamnusa nywele kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimesimama mlangoni, juu ya ngazi, nawe mkononi, na nilipowaona nikasema pengine Rusdi ndiye aliyesema kweli, pengine Pemba yangu imenifanya mwenye dhana mbaya. Tulikaa siku kadhaa mle ndani, tukila na kucheka, na habari ya kiwanja Daeng Sitti hakuitaja hata kidogo. Mama huyu alikuwa mfupi, mkavu, mikono yake imepasuka kwa kupandikiza mpunga wa watu, maana wake mwenyewe ulikuwa mdogo.

Siku ya kuhamisha ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Na ada ya kwao ni hii: wabebaji hawalipwi, ila mwenye nyumba lazima awalishe kabla na baada. Mwenye nyumba ni Daeng Sitti. Kwa hiyo tangu alfajiri yeye na wanawake wa kijiji walikuwa uwanjani wakipika wali, samaki na ndizi za nazi, chakula cha kuwapa nguvu watu wa kumwondoa. Nikajifunga leso nikaenda kumenya vitunguu karibu naye. Lugha yao ya taifa nilikuwa nimejifunza kwa baba yako, ya kuvunjavunja, na namshukuru Mungu maneno kadhaa yanafanana na yetu. Sabuni kwao ni sabun. Meza ni meja. Haki ni haki kasoro herufi ya mwisho, na warithi nao karibu vilevile.

Nikamwambia, "Daeng, na mimi ndiye mkubwa kwetu. Na mimi niliwalea."

Akafuta mikono kwenye leso. Kisha akanisogezea sufuria ya samaki.

"Onja chumvi."

"Kwa nini mimi?"

"Leo siuamini ulimi wangu," akasema. "Mtu mwenye hasira huzidisha chumvi, na hawa watu hawana kosa. Onja, mdogo wangu."

Nikaonja. Chumvi ilikuwa imezidi. Nikaongeza maji, nikakoroga. Lakini kuanzia pale nilijua anachokificha, na yeye alijua kwamba najua.

Vyombo vizito vilishushwa, makabati na magunia ya mpunga. Mianzi minene ikafungwa kwenye nguzo, mmoja huku na mmoja huku, mpaka nyumba ikawa kama imekaa juu ya kitanda. Wanaume wakaingia chini, bega kwa bega, vijana na wenye mvi. Mzee mmoja alipanda mbele ya nyumba na kipaza sauti cha msikitini.

"Daeng Sitti!" akaita kijana mmoja kutoka chini. "Nyumba nzito hii, umeficha dhahabu?"

"Nzito kwa wali wote uliokuja kula kwangu na hukuleta hata kuni!" akamjibu. Watu wakaangua kicheko. Alikuwa akiwatania kila mmoja kwa jina, leso kiunoni, uso mkunjufu. Ungemwona ungedhani anaoza binti.

Baba yako naye akavua shati, akaingia chini na kujipenyeza kwenye mwanzi wa katikati, akaweka bega. Alikuwa anacheka kwa furaha ya kweli. Hakuwa mtu mbaya, Zuhra, na hili ndilo linaloniuma zaidi hadi leo. Alidhani anamsaidia dada yake.

Mzee akahesabu, wakapiga ukelele, na nyumba ikapanda. Ikayumba, ikatulia, ikaanza kwenda. Niliona dirisha la jikoni likipita mbele ya minazi, pazia likipepea, kana kwamba aliyemo ndani anatazama barabara. Watoto walikimbia mbele wakipiga masufuria. Ilivuka barabara, ikashuka kwenye majaruba makavu, ikawa ndogo, na vumbi likaifunika.

Daeng Sitti hakuifuata. Alikuwa amesimama pale ilipokuwa nyumba. Palibaki mraba wa udongo mkavu, mweupe, usiowahi kupigwa na mvua, na mawe ya nguzo yamekaa kwa safu. Alikwenda hadi jiwe la katikati. Nguzo ya hapo kwao huitwa kitovu cha nyumba.

"Hapa nilizika kondo la nyuma la Rusdi," akaniambia. "Mama alikuwa ndani amelala, hapumui. Wanawake walikuwa na shughuli na maiti. Nikalitia kwenye kifuu, nikashuka nalo, nikachimba kwa mikono." Akalisukuma jiwe kidogo kwa mguu, halikusogea. "Nyumba wamekwenda nayo. Hili halibebeki."



Kule mferejini nyumba ilitua salama, hata kikombe hakikuvunjika. Watu walikula chakula cha pili wakaondoka. Ilikuwa alasiri. Baba yako alikuwa na alama nyekundu begani, kubwa kama mkono, akawa anaionyesha kwa kila mtu. Akasema anakwenda kwa Daeng ampake mafuta, kama alivyokuwa akimpaka alipokuwa mtoto akianguka. Akapanda ngazi ileile, mbio kama kawaida. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Dada yake alikuwa mlangoni juu na ufagio.

"Nani?"

"Mimi." Akacheka.

"Mimi nani? Hodi hupigwa chini."

Akadhani ni mchezo. Akashuka hadi ardhini, akanikonyeza, akasimama wima kama karani. "Hodi, hodi wenyewe!"

"Karibu, mgeni."

Akapanda. Dada yake alimtandikia mkeka mpya, ule unaotandikwa kwa imamu. Akafungua kabati lililokuwa limetoka kupandishwa, akatoa vikombe vyenye mstari wa dhahabu ambavyo Rusdi alikuwa hajavinywea tangu azaliwe. Akatia chai, akaileta kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Akamuuliza safari ilikuwaje. Akamuuliza kama jua halikumsumbua. Rusdi alicheka kwanza, akacheka tena kidogo, kisha nikaona kicheko kinamtoka usoni kama maji yanayokauka.

"Daeng, acha. Umekasirika?"

"Mgeni hakasirikiwi."

"Mimi si mgeni. Mimi ni mdogo wako."

"Sikiliza," akamwambia, na sauti hakuipandisha. "Jana nyumba hii ilikuwa juu ya ardhi yako. Ulipopanda bila hodi ulikuwa unapanda kwako, na mimi nilikuwa mtu wako. Leo niko juu ya ardhi ya mjomba. Kesho akifa niko juu ya ardhi ya wanawe. Wanaoweza kuingia hapa bila hodi ni wao. Wewe umejitoa mwenyewe. Kunywa chai, itapoa."

"Ungeniambia nisiuze! Ungesema neno moja tu!"

"Uliniuliza?"

Rusdi akatazama ndani ya kikombe.

"Ulinipa habari," akasema Daeng Sitti. "Mtu akikupa habari unamjibu nimesikia. Nilitoka skuli kwa ajili yako, nikakataa wanaume wawili kwa ajili yako, nikapanda mpunga wa majirani. Hayo nilifanya mwenyewe, sikudai. Lakini kukuomba wewe, niliyekutoa kamasi, uniachie mahali pa kulala? Hilo sikuliweza. Na ningeliweza, ungeniona nimekuwa mdogo, na sura hiyo usingeisahau."

Baba yako aliweka kikombe chini. Aligeuza bega lake kuelekea kwa dada yake, ile alama nyekundu ikaonekana. Niliona mkono wa Daeng Sitti ukisogea, Zuhra. Naapa niliuona. Ukafika nusu, ukachukua kikombe, ukakirudisha kwenye sahani yake.

"Dukani kuna mafuta mazuri," akasema. "Wageni wengi huyasifia."

Jioni tulipopita barabarani kwenda kulala kwa mjomba, tuliwakuta kuku wake wamerudi. Walikuwa wamekusanyika ndani ya mraba ule mweupe, kati ya mawe, wakingoja giza chini ya nyumba ambayo haikuwepo. Baba yako alisimama akawatazama. Akajaribu kuwaswaga kuelekea mferejini. Walizunguka, wakarudi palepale. Hapo ndipo alipolia.

Alijaribu kutengua. Tajiri alikuwa ameshaanza kumwaga saruji. Alimwendea mjomba anunue kile kiwanja cha chini amwandikie dada yake. Mjomba akasema yeye ni mzee tu, vijana wake ndio wenye kauli, na vijana wakasema ardhi ya mferejini hawauzi. Tukarudi Birmingham, tukainunua nyumba hii. Hapa ulipojifunza kutembea, hapa ulipochora ukuta kwa kalamu na nikakupiga, mwanangu, pamesimama juu ya mraba ule. Sikuambii ili uone haya. Nakuambia kwa sababu chakula ulichokila ni haki yako kujua kilipikwa na nani.

Miaka iliyofuata baba yako alimpigia kila Idi. Dada yake hakuwahi kukataa simu. Alisema, karibuni sana wageni wetu wa Uingereza, akauliza hali ya hewa. Alituma kahawa na vitambaa, vimefungwa vizuri, kama watu wanavyowatumia wakwe wasiowazoea. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini shangazi anaongea kama mtu wa redio. Baba yako alitoka chumbani kila ulipouliza.

Alipofariki, majira yale ya baridi kali mwishoni mwa miaka ileile, ni mimi niliyempigia Daeng Sitti. Fadumo alikuwa amekaa kando yangu amenishika goti. Nilimpa habari kwa ile lugha yangu ya kuvunjavunja. Akasema inna lillahi. Akauliza kama alipata shida, nikamwambia hapana. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mmemzika kwenye ardhi ya nani?"

Sikujua uongo wa kumwambia. Makaburi ya hapa ni ya halmashauri ya jiji. Mtu hununua nafasi kwa muda, si milele. Nikamweleza hivyo.

Akaniomba nirudie, nikarudia. Halafu akasema, "Kumbe na yeye yuko juu ya ardhi ya watu." Na hapo nikamsikia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akilia kama mtu aliyefiwa na mtoto. Hakuniita mgeni siku ile. Aliniita mdogo wangu, kama pale vitunguuni.

Sasa mwanangu, na wenzako mtakaosoma haya, nawausia. Katika kila familia iliyofiwa yuko mmoja aliyeacha mambo yake ili wengine wasimame. Huyo hamtamsikia akidai. Atawaambia chukueni, ni lenu, na atatabasamu, na atawapikia wanaokuja kuhamisha vitu vyake. Msiichukue kauli yake kuwa ruhusa. Kabla hujauza, kabla hujagawa, hata kama sheria iko upande wako na jina lako ndilo lililoandikwa, nenda ukae karibu naye umuulize, kisha umuulize tena, na usiondoke mpaka akupe jibu ambalo lina yeye ndani yake. Wala usijidanganye kwamba humnyang'anyi mtu kitu kwa sababu vyombo vyake vyote vimehamishwa salama.

Na wewe Zuhra, nakuusia zaidi. Mpigie simu mwambie siku unayofika. Ukishuka garini, pita kwenye lile ghala la barabarani, simama mbele ya ule uwanja wa saruji, msomee baba yako Fatiha, maana sehemu yake iko pale chini. Kisha shuka mferejini kwa miguu. Ukifika kwenye ngazi, simama ardhini. Vua viatu. Piga hodi, na akikwambia karibu mgeni, panda polepole, kaa kwenye mkeka atakaokutandikia, kunywa chai kwenye kikombe cha mstari wa dhahabu, na umjibu habari ya hali ya hewa. Usimkumbatie mpaka yeye aanze. Ukae naye siku zako zote, ufagie, umenye vitunguu. Siku akikusogezea sufuria akakwambia onja chumvi, jua umefika.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama, akurudishe salama, aipe miguu yako subira ambayo baba yako hakuwa nayo. Akujaalie usimame chini ya ngazi ile uite hodi, na juu isikike sauti ya mzee mwenye hasira: We mtoto, unangoja nini huko chini? Panda!